Shughuli za UKIMWI Kazini Zianzie kwenye Siri ya Mfanyakazi

Kila ifikapo Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani, ofisi nyingi nchini Tanzania hukumbuka kwamba zina kamati ya UKIMWI. Fulana huchapishwa, mgeni rasmi hualikwa, riboni nyekundu hubandikwa vifuani, na baada ya hotuba na soda kila mtu hurudi kazini kwake mpaka mwaka mwingine. Sina ugomvi na maadhimisho hayo, ambayo yamekuwa yakifanyika duniani tangu mwaka 1988, ila naona tumeyaacha yameze karibu fungu lote, wakati jambo ambalo mfanyakazi analihitaji kuliko yote, yaani uhakika kwamba siri yake iko salama, halitengewi hata shilingi.

Sheria yenyewe haizungumzii sherehe. Sheria ya UKIMWI (Kinga na Udhibiti) ya mwaka 2008 inamtaka kila mwajiri awe na mpango wa UKIMWI mahali pa kazi, wenye elimu, ugawaji wa kondomu na msaada kwa wanaoishi na virusi, nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU. Mwajiri hana mamlaka ya kumlazimisha mtu kupima. Maofisa utumishi wanayafahamu haya, na mara nyingi yamo katika sera iliyochapwa vizuri na kufungiwa kabatini.

Tangu wagonjwa wa kwanza wabainike mkoani Kagera mwaka 1983, tumefundishwa sana namna VVU vinavyoambukizwa, kiasi kwamba mhadhara mwingine wa namna hiyo huwafanya wasikilizaji watazame simu zao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionesha kwamba asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Miongoni mwao, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa. Na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa, yaani vimepungua sana mwilini. Maana yake ni kwamba mtu akishajua hali yake, kwa kawaida hushika dawa, na dawa humsaidia. Wanaotupotea zaidi ni wale ambao hawajapima, na kwa maoni yangu wengi wao hawakwamishwi na ujinga bali na hofu ya kujulikana.

Tazama hema la kupimia linavyowekwa siku ya maadhimisho. Husimamishwa uwanjani, karibu na geti, na mbele yake hupangwa benchi ambalo watu wa idara moja hukaa wakisubiri zamu zao. Asiyekutwa na virusi hutoka upesi, akitabasamu. Aliyekutwa navyo hukawia, kwa kuwa mshauri nasaha ana mengi ya kumweleza na pengine anamwandikia rufaa ya kwenda kliniki. Walioko kwenye benchi hawakuambiwa lolote, lakini wanajua kuhesabu dakika. Baada ya hapo kamati hushangaa kwa nini mwaka unaofuata waliojitokeza ni wachache.

Dawa ya tatizo hilo haina gharama kubwa. Siku ya kupima ifanywe ya afya kwa ujumla, yenye vipimo vya presha, sukari na macho, katika vyumba vya ndani badala ya uwanjani, na kila mtu apewe muda unaolingana na wa mwenzake, awe amechagua kupima VVU au la. Serikali yenyewe ilishaelekea huko, kwani mwongozo wa mwaka 2014 kwa utumishi wa umma uliunganisha VVU na magonjwa sugu yasiyoambukiza. Vilevile, tangu Sheria ya UKIMWI irekebishwe mwaka 2019, mtu anaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe. Waelimishaji rika wafundishwe kueleza matumizi ya kipimo cha kujipima, na wasisahau kusisitiza kwamba kikionesha dalili ya maambukizi ni lazima majibu yathibitishwe katika kituo cha afya.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kuchagua shughuli moja tu kwa mwaka mzima, ningechagua semina ya wasimamizi wa zamu na wakuu wa vitengo. Hao ndio wanaoombwa ruhusa ya kwenda kliniki, na swali lao la kwanza, mara nyingi mbele ya watu, ni "unaumwa nini?" Mwenye hali nzuri hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, hivyo siku anazokosa kazini ni chache mno kuliko za mtu anayekatisha dawa kwa kukwepa maswali. Wafundishwe kupokea cheti cha hospitali bila kudadisi. Na waambiwe wazi jambo ambalo bado halijasemwa vya kutosha: mtu anayetumia dawa vizuri, na ambaye vipimo havioni tena virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana, sembuse anayekula naye meza moja kantini.

Kuna kundi lingine ambalo ratiba zetu hulisahau. Walinzi, wafanya usafi na vibarua wengi huletwa na makampuni ya wakala, hivyo majina yao hayamo katika orodha ya kamati, na mlinzi wa usiku ndiyo kwanza anakuwa amelala nyumbani wakati semina ya saa nne asubuhi inaanza. Kifungu cha kuwashirikisha katika shughuli za afya kinaweza kuandikwa katika mkataba wa wakala pale unapohuishwa, na mshauri nasaha akaombwa kufika saa kumi na mbili jioni, zamu zinapopishana.