Wimbi la mlipuko wa gama: linapoa shwari au linachafuka?

Sisi wa Malindi habari hii ni ya kwetu pia, manake 28 Februari 1997 ile setilaiti ya BeppoSAX ilipodaka mlipuko wa miale ya gama (mmweko mkali mno wa mionzi kutoka mbali sana angani) na mng'ao unaobaki baadae, data zake zilikua zinashushwa hapahapa, kituo cha San Marco upande wa Ngomeni.

Mng'ao huo unatoka kwa wimbi linalosukumwa na mlipuko na kuzoa gesi iliyo kati ya nyota, na kadri linavyozoa ndo linapungua mwendo. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kama linapungua kwa utulivu.

Wanaosema ndio wanashika hesabu ya wanafizikia Blandford na McKee ya 1976, wimbi ni tufe laini, na kweli mng'ao mwingi unafifia taratibu bila kurukaruka.

Lakini wenzao wanaosema linachafuka naona hawasikilizwi vya kutosha. Pakia madumu ya maji nyuma ya tuktuk alafu dereva akanyage breki ghafla, yote yanamjia mgongoni. Huko juu ni hivyohivyo, mabaki mazito ya mlipuko yako nyuma, gesi moto nyepesi iliyozolewa iko mbele, breki ikishika mazito yanasukumana kwenda mbele na nyepesi inapenyeza kurudi nyuma, zinaingiliana vidolevidole kama maji ya Sabaki yakiingia baharini wakati wa masika. Yani kule kupungua mwendo kwenyewe ndo kunaleta vurugu.

Na kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Sumaku ya gesi ya kati ya nyota ni dhaifu mno, wimbi likiibana tu unapata sumaku yenye kama sehemu 1 kwa bilioni ya nishati ya wimbi. Elektroni zinang'aa zikizungushwa na sumaku, na ili zing'ae vile tunavyoziona, mara nyingi inatakiwa maelfu ya mara zaidi ya hapo, saa zingine hata sehemu 1 kwa 100! Sasa hiyo nyingine imetoka wapi? Vurugu inaweza kuisokota sumaku mpaka ikakua. Watafiti Duffell na MacFadyen waliliiga wimbi kwenye kompyuta, 2013 na 2014, vidole vikatokea, na gesi ikipoteza joto vinafika mpaka ukingo wa mbele na kuukunja.

Utaambiwa sumaku inazaliwa palepale mbele, chembe zikipishana. Sawa, ila hiyo ni ya vipande vidogo mno, na haijulikani kama inadumu ikishasombwa nyuma. Na mng'ao laini haunionyeshi wimbi laini, manake vidole ni vingi na sisi tunapokea mwanga wao wote kwa pamoja, hata bahari ya Watamu ukiiangalia kutoka kwenye ndege ni tambarare tu.