Acheni kupeleka picha mbele

Watu wenye haraka na rimoti wananikera mno. Mimi ni mgeni wa picha za kauboi, na ile ya mwongozaji Sergio Leone ya 1968, Once Upon a Time in the West, ilinishika tangu mwanzo. Wanaume watatu wenye bunduki wanasubiri treni, basi. Muziki hakuna. Kinu cha upepo kinalia, maji yanadondokea kofia, nzi anatembea usoni mwa mmoja wao, mwigizaji Jack Elam. Mara mwenye rimoti: "Mbona hakuna kinachotokea?" Anapeleka mbele! Kinatokea kila kitu, jamani. Bila kusubiri kule, risasi zikilia zinakugusa wapi? Na ukiomba irudishwe, unaambiwa unajifanya mjuzi. Wekeni rimoti mezani, tuangalie.