Nyati Aliyepanda Juu ya Simba

Nianze na jogoo, maana ndiye peke yake ambaye hasara yake haikurudi. Alikuwa wa mama mkwe, kaletwa kutoka Nanyamba aje afugwe kwetu Chuno, hapa Mtwara, na mimi nikamchinja saa nne asubuhi kushangilia shilingi mia mbili.

Haikuwa mia mbili ya kawaida. Niliikuta kwenye kopo la chenji ndani ya bajaji, nilipokuwa natafuta hela ya ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu. Upande mmoja yupo Mzee Karume, sawa. Upande wa pili, pale wanapokaa simba wawili, pana pembe. Nikaisogeza kwenye mwanga: nyati kadidimia mwilini mwa simba, na kando yake tarakimu 500, kinyumenyume kama unaisoma kwenye kioo. Mia mbili yenye mia tano tumboni. Mikono ikaanza kutetemeka.

Msinicheke. Sisi watu wa kusini sarafu zimetuzoesha maajabu. Sarafu tano za shaba za Kilwa, Kilwa hii hii ya hapo Lindi, ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wasomi wanabishana zilifikaje. Nikasema basi, zamu yangu imefika. Bei nikajipangia mwenyewe: milioni nane. Hesabu ya tajiri sikupeleka siku hiyo, nani apeleke elfu kumi na tano akiwa na milioni nane mfukoni?

Mjomba ni fundi saa. Alipofika sijui alikuwa amesikia habari ya sarafu au ya jogoo, lakini alikuja na lenzi yake ya kubana jichoni inayokuza mara kumi, kipande cha sumaku ya spika, kalipa ya kupimia unene na upana, na mzani mdogo aliouazima kwa sonara, unaosoma hadi gramu 0.01. Mke wangu, Mama Zuhura, akabandika sufuria.

"Umeisugua?" ndilo neno lake la kwanza.

"Kidogo tu, mjomba. Kwa ndimu na majivu."

Akanitazama kama nimempiga teke maiti. "Hata ingekuwa kosa la kiwandani kweli, nusu ya bei umeshaifuta. Wakusanyaji wanataka sarafu na weusi wake."

Milioni nne, basi. Si haba.

Akaipima, kisha akapima mia mbili nyingine ya mwaka ule ule. Zikapishana gramu 0.02. Nikapiga makofi. Akaipitishia sumaku, haikushtuka. Nikapiga makofi tena.

"Tulia, mpwa. Mia tano ni chuma kilichopakwa nikeli, gramu 9.5, sumaku inaidaka. Hii haidakwi, na uzito wake ni wa mia mbili. Kwa hiyo ni kisahani, kile kipande cha chuma kisicho na picha bado, cha mia mbili, kilichopigwa kuwa mia mbili, kikatoka kiwandani kizima. Kilichobaki ni kujua nani alikipiga mara ya pili."

Nikamwambia nilichosoma usiku kucha kwenye simu. Kiwandani hutokea sarafu iliyokwisha kupigwa ikanasa kwenye muhuri, kile chuma kilichochongwa picha ya kuipiga. Kisahani kinachofuata kinapoingia hakikutani tena na muhuri, kinakutana na mgongo wa sarafu iliyonasa, kinatoka na picha iliyozama na kugeuka. Sasa hii yangu si imezama? Si imegeuka?

"Imezama na imegeuka," akakubali. Nikamwita mke wangu asikie. "Lakini picha ya namna hiyo hukaa kwenye kisahani kitupu, na kisahani kitupu hakina simba. Hebu angalia."

Akanipa lenzi. Chini ya tumbo la nyati niliona miguu ya simba ipo, imelala, imekandamizwa kama nyasi zilizopitiwa na tairi. Penye mstari wa pembe manyoya ya simba yamekatika; palipobaki wazi yamesimama vilevile. Simba alikuwepo kwanza, nyati akaja baadaye.

"Labda mashine iliipiga mara mbili," nikasema. Sauti ilikuwa yangu, lakini imepungua.

Mjomba hakujibu, akageuza upande wa Karume. Pua, shavu na ukingo mzima vilikuwa bapa, vinang'aa. Mashine ya kiwandani hupiga pande zote mbili kwa mpigo mmoja, kila upande na muhuri wake uliochongwa, kwa hiyo hata kosa likitokea chuma hujaa kwenye michoro. Hapa sehemu zilizoinuka ndizo zilizopondwa, na zile za chini hazikuguswa. Hiyo ni kazi ya chuma bapa. Kalipa nayo ikasema ya kwake: sarafu imepungua unene na kutanuka milimita 0.3. Kiwandani kuna pete ya chuma inayoizuia isitanuke. Zipo zinazopigwa nje ya pete, ila hizo hutanuka kama chapati na ukingo hupotea.

Akiwa anafuta lenzi akaongeza, kwa vile haachi kufundisha: ukiletewa sarafu iliyokatika pengo la mviringo pembeni, usitazame pengo. Tazama ukingo wa upande mkabala. Kama ni kosa la kiwandani, mara nyingi ukingo ule huwa hafifu, maana chuma hakikuwa na msukumo wa kutosha. Aliyekata kwa tupa husahau kuudhoofisha. Nilimsikia kwa mbali, nikiwaza jogoo.

"Mwaka wake umeusoma?" akauliza.

"1998."

"Na sarafu ya mia tano ilitoka lini?"

Nikanyamaza. Sarafu ya mia tano imetoka 2014. Kabla ya hapo ilikuwa noti, hakuna asiyekumbuka noti za mia tano zilivyokuwa zimechakaa. Sarafu yangu ya 1998 ilikuwa imekanyagwa na nyati aliyezaliwa miaka 16 baadaye. Taarifa hiyo nilikuwa nayo kichwani tangu mwanzo. Sikuiuliza tu.

"Katika wiki hizi mbili," mjomba akasema taratibu, "hukupita gereji?"

Hapo ndipo damu iliponishuka. Nilipeleka bajaji kubadilishwa bushi za nyuma. Fundi aliweka boksi spana chini ya presi, mashine ya kukandamiza kwa jeki, ikawa fupi, akasema, "Bosi, washa zimeisha, una sarafu mbili tatu nitegee?" Nikampa mia mbili na mia tano. Akazipanga juu ya boksi, akasukuma jeki, bushi ikaingia, akanirudishia. Nikazitupa koponi.

Nikakimbilia kopo. Mia tano ilikuwemo. Upande wa Karume ina duara safi, alama ya mdomo wa boksi. Upande wa nyati pembe zimelika kidogo tu, kwa kuwa chuma chake ni kigumu kuliko cha mia mbili. Mjomba akazilaza nyati kwa nyati, zikakaa kitii! kama kifuniko na chupa.

"Na sheria hairuhusu kuharibu sarafu," akasema akivuta bakuli. "Ulitaka kuipeleka wapi?"

Nilitaka kuipeleka Benki Kuu, tawi la hapa hapa Mtwara, Jumatatu, nikiwa nimevaa suti. Sikumjibu. Nikamwekea paja.

Jioni nikaitoa kwa muuza ming'oko. Akaigeuza mara mbili, akanirudishia: "Kaka, hii feki." Nikaanza kumweleza kuwa si feki, ni halali kabisa, imepondwa tu, nikafika kwenye habari ya pete ya chuma, akahudumia mteja mwingine.

Mwezi uliofuata bushi ya upande wa pili ikalia. Fundi akaweka boksi chini ya presi, akapima kwa jicho, akanigeukia.

"Bosi, una sarafu mbili tatu nitegee?"

Nikampa zile zile.