Fundi, Unalilia Kompyuta?

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alikuja kuchukua sabufa yake akanikuta nimeshika leso. Sikuwa na mafua. Nilikuwa nimetoka kusikiliza, kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi, ule wimbo wa mwisho wa Beatles, ile bendi ya Uingereza ya miaka ya 1960, uitwao Now and Then, na machozi yalishanitoka kama yanavyonitoka kila yule marehemu John Lennon anapoanza kuimba. Kijana akaniuliza nimepata msiba gani. Kwa ujinga wangu nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akaweka sabufa chini. "Fundi, ile si akili mnemba? Yaani unalilia kompyuta?"

Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini alipotoka alipitia kwa mama wa chai, akapitia kwa bodaboda, na sasa wiki nzima nikifungua banda nasalimiwa, "Shikamoo mzee, pole na msiba wa Uingereza." Mmoja amenichangia shilingi mia mbili ya rambirambi. Nimezipokea, nimenunulia karanga.

Kwanza nishangae kidogo. Jiji hili la Mwanza tunaliita Rock City. Jina hilo tumeliandika kwenye fulana, na jumba la maduka tumelipa hilohilo. Lakini piga roki mchana kweupe uone, utaulizwa umejiunga lini na freemason. Roki tunayoijua sisi ni lile jiwe la Bismarck ziwani, la kupigia picha za harusi.

Halafu huyo kijana ni Arsenal. Nimemwona kwa macho yangu kwenye kibanda umiza pale Nyamanoro, amejifunika jezi usoni, mabega yanapanda na kushuka. Kwa hiyo Mzungu wa mpira analiliwa, Mzungu wa gitaa kumlilia ni ushamba. Sawa.

Beatles niliwapata kwa mjomba. Mwaka 1986 mjomba alirudi kutoka Kisumu kupitia Sirari na sabuni, mafuta ya kupaka na kaseti moja ambayo hakuiagiza, alipewa kama chenji. Enzi hizo sabuni ndiyo ilikuwa mali, kaseti haikuwa na mwenyewe, nikaichukua mimi. Sikujua Kiingereza zaidi ya "good morning teacher". Nilijua tu kwamba wale watu wanaimba kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Kaseti ile ililiwa na redio mara nne, nikaitoa utepe kwa kijiti, nikauzungusha kwa kalamu ya Bic, na ndivyo nilivyoanza ufundi. Mtu asiniambie basi kwamba mambo haya hayanihusu.

Tuje kwenye kompyuta, maana hilo ndilo lililoniudhi hasa.

Watu wamesikia "akili mnemba" na "Beatles" kwenye sentensi moja wakadhani kuna mashine imekaa mahali ikatunga sauti ya John Lennon, kama zile sauti feki za viongozi zinazozunguka WhatsApp. Hapana. John aliimba mwenyewe, nyumbani kwake New York, miaka ya mwisho ya 1970, yeye na kinanda chake, kwenye kinasa sauti cha kawaida. Akauawa Desemba 1980. Mwaka 1994 mkewe, Yoko Ono, akampa Paul McCartney kaseti. Mwaka 1995 wale watatu waliobaki, Paul, George na Ringo, wakakaa nayo studio, wakajaribu kuujenga wimbo juu ya ile sauti, wakaacha. Kinanda kilikuwa kinamfunika mwimbaji, na chini ya vyote kulikuwa na mvumo wa umeme.

Huo mvumo mimi naujua kama ninavyoijua sauti ya mke wangu. Ni ile mmm isiyokwisha inayoingia kwenye utepe mtu akirekodi na redio iliyochomekwa ukutani. Ukijaribu kuiondoa kwa ikwalaiza, unapunguza besi, mvumo unapungua, na sauti ya mtu nayo inakonda, inabaki kama anaongea kutoka ndani ya ndoo. Nimefanya kazi hii tangu 1991. Vitu viwili vikishaingia kwenye utepe kwa pamoja, kupitia maikrofoni moja, vimeoana. Fundi huna cha kufanya. Unamwambia mteja pole.

Sasa nenda kule wanakoanika dagaa, Igombe au Kayenze. Dagaa wanamwagwa mchangani, jua linawapiga, jioni wanazolewa pamoja na mchanga wao. Kisha mama anakaa na chekecheo lake. Anachekecha, anapeta, anapuliza, anachambua kwa vidole, mpaka dagaa wabaki dagaa. Hivi yupo mwendawazimu atakayesimama pale amwambie, "Mama, hawa dagaa umewatengeneza wewe"? Walivuliwa ziwani, usiku, kwa taa. Yeye ametoa mchanga.

Basi. Watu wa Peter Jackson, yule mwongoza filamu, walipokuwa wanatengeneza ile filamu ndefu ya Beatles iliyotoka 2021, walitengeneza chekecheo. Waliifundisha kompyuta itambue sauti ya mtu ikoje, gitaa likoje, ngoma ikoje, iweze kuvitoa kimoja kimoja kwenye mkanda ambao vyote vimerundikana. Mwaka uliofuata wakaipa kaseti ya John. Kinanda kikaenda huku, mvumo ukaenda kule, John akabaki peke yake, msafi, kama amesimama mlangoni. Paul akaweka besi na kinanda kipya, Ringo akapiga ngoma upya, gitaa la George likatolewa kwenye yale majaribio ya 1995, maana George naye alikwisha kufa, Novemba 2001. Ukatoka tarehe 2 Novemba 2023. Hakuna neno hata moja la John alilosemewa na mashine.

Kwa nini nakasirika hivi kwa jambo la watu wa mbali? Nitasema, ingawa sikutaka.

Miaka mingi iliyopita mama mmoja wa Igoma aliniletea kaseti. Alikuwa ameifunga kwenye kanga, kanga ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mkoba. Mumewe alikuwa na biashara ya ndizi, anakwenda Bukoba na kurudi. Kuandika hakupenda, kwa hiyo alikuwa anajirekodi, anampa mtu anayekuja Mwanza amletee mkewe. Hiyo ilifika wiki ile ya mwisho. Mwenyewe alipanda MV Bukoba, ile meli iliyozama, jioni ya tarehe 20 Mei 1996. Wanaosoma hapa wanajua asubuhi yake.

Nikaiweka. Mwanaume ana sauti nene, anaongea taratibu. Anasema bei ya ndizi imepanda. Anauliza bati la jikoni limepigiliwa au bado. Anasema mtoto asiachwe acheze karibu na jiko la mchina. Nyuma yake kuna redio inapiga bolingo kwa nguvu zote, na ile mmm yangu. Karibu na mwisho anasema, "Halafu mama nanihii, nilitaka nikwambie kwamba..." na hapo gitaa la Mkongo linaingia. Linaingia lote. Yeye anaendelea kuongea, unasikia kabisa kwamba anaongea, ila neno hulipati. Kisha anacheka, kaseti inakata.

Mama akaniambia, "Fundi, ninachotaka ni hapo tu."

Nilisafisha kichwa cha deki kwa spiriti. Nikacheza na skrubu ya kichwa, robo mzunguko huku, robo kule. Nikabadilisha deki tatu. Nikakata besi, akaondoka mwenyewe. Nikakata sauti nyembamba, likabaki gitaa na mnong'ono. Siku nne. Alipokuja nikamwambia haiwezekani. Hakulia. Aliikunja ile kanga vilevile ilivyokuwa, akanilipa kwa nguvu ingawa nilikataa, akasema, "Basi, fundi, ahsante, angalau umenisikilizisha vizuri anavyocheka."

Sasa wewe mwenye sabufa, niambie tena kuhusu kompyuta.

Nimeangalia video za watu wakiusikiliza wimbo ule kwa mara ya kwanza mpaka bando likakata. Wazee wa watu, wamevaa miwani, wamekaa jikoni kwao. Wengi wao wakimaliza kusikiliza hawaongelei muziki. Mmoja anamtaja baba yake, mwingine rafiki waliyekuwa wanabadilishana naye sahani za santuri, mwingine kaka. Sauti ya mtu aliyekufa miaka zaidi ya arobaini imetolewa mchangani, na kila anayesikia anamkumbuka wake aliyebaki kwenye mchanga.

Wala si jambo la kigeni kwetu. Freddie Mercury wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Unguja, 1946, alirekodi akiwa mgonjwa, akafa Novemba 1991, na wenzake wakaja kutoa albamu kwa sauti aliyowaachia mwaka 1995. Akili mnemba ilikuwa wapi 1995? Kulikuwa na mkasi, utepe na majonzi.

Haya, nikubali yanayokubalika, msije mkasema nimelogwa.

Wimbo wenyewe si mkubwa. Ukiuweka kando ya walizoimba wakiwa na miaka 25, huu ni wa kukaa barazani. George mwenyewe, kwa maelezo ya Paul, hakuupenda 1995, na George hakuwa mtu wa kupepesa maneno. Tena kuna kipande cha John kwenye kaseti ya awali ambacho Paul amekikata, na mimi nimekisikia, na ningekuwa studio siku hiyo tungegombana. Na video! Wale wazee wawili wanaimba kwa uchungu, halafu pembeni yao amechomekwa John wa 1967 anarukaruka kama mtoto aliyepewa soda. Aliyelifanya hilo hajawahi kukaa matanga.

Na biashara ipo, ipo sana. "Wimbo wa mwisho" ni maneno ya kuuzia. Walivunjika 1970, wakaaga. Mwaka 1995 na 1996 zikatoka nyimbo mbili kutoka kaseti za huyohuyo John. Mwaka 2023 ukaja wa mwisho kabisa, ukashika namba moja Uingereza, mara yao ya kwanza tangu 1969. Hiyo ni bei ya mwisho ya wachuuzi wa Makoroboi: unaambiwa ya mwisho, unageuka kuondoka, unaitwa. Na hao bado wana nafuu. Kiss, bendi ya roki ya Marekani, walianza ziara ya kuaga mwaka 2000 na onyesho la mwisho wakalifanya Desemba 2023. Sisi Wasukuma tunasindikiza wageni, lakini miaka 23 mlangoni, hapana.

Ila huu wa Beatles naamini ni wa mwisho kweli. Wawili wameshakufa, na ulipotoka Paul alikuwa na miaka 81, Ringo 83. Mpaka hapo hata mchuuzi wa Makoroboi anakunja turubai.

Kuna wanaosema maiti aachwe apumzike. Waseme hivyo siku watakapofuta namba ya mama yao kwenye simu.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Mwezi uliopita mpwa wangu anayesoma chuo alinionyesha programu kwenye kompyuta yake, ya bure, inayofanya kazi ileile ya kuchekecha. Sikumwamini. Nikampa kaseti ya harusi ya 1993, bendi inapiga, mshehereshaji anapiga kelele, watu wanakula. Akabonyeza. Bendi ikatoka. Nikamsikia mshehereshaji kama yupo mbele yangu, na nyuma yake, meza ya mbali, mtu anaomba chumvi. Nimekaa na kaseti ile miaka zaidi ya thelathini, sikujua kama kuna mtu aliomba chumvi.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hiyo, kama kuna anayemfahamu yule mama wa Igoma: kaseti ni TDK ya dakika 60, upande wa pili umeandikwa "Bukoba" kwa wino wa bluu, herufi zimelala. Mumewe alikuwa wa ndizi. Namba aliyonipa haipatikani, na banda langu nililihamisha, huenda alishawahi kulitafuta asilione. Mwambieni fundi anaomba aje na kaseti. Sentensi nzima siwezi kumwahidi, yule Mkongo alipiga gitaa kwa roho moja. Pesa sitaki. Nitamvalisha hedifoni, nitabonyeza, nitatoka nje nikanywe chai. Kijana wa sabufa akiwepo, nitatoka naye.