Sikukimbizwa na Mbwa, Niliburutwa

Wakuu, najua video mmeshaiona. Shemeji yangu kairusha kwenye kundi la familia kabla hata sijatema majani, na maelezo kaweka: "Mtanga akikimbizwa na mbwa Marekani." Uongo mtupu! Anayekimbizwa huwa mbele. Tazameni tena, mbele yuko mbwa.

Mbwa ni wa bosi, aina ya labrado, anaitwa Duke. Bosi kaenda likizo, mimi na kiherehere changu nikasema niachie. Kwetu Tanga mbwa akitokea huku, wewe unapita kule. Huyu anapanda gari kiti cha mbele, shemeji kakaa nyuma. Jua la Julai linachoma, tukatoka mji wa Lincoln kushuka Beatrice, Nebraska, kuona shamba la Daniel Freeman, ambalo sasa ni hifadhi. Huyo alijiandikishia ardhi tarehe 1 Januari 1863, siku ileile sheria ya Rais Lincoln ilipoanza kutumika: eka 160, ujenge, ulime, ukae miaka mitano, hati ni yako. (Kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe, Waotoe na Wamissouria, leo siingii huko, nina michubuko ya kuuguza.)

Mbwa anaruhusiwa kwenye vijia, mradi awe na kamba. Kamba ninayo. Shida ni mikono: mmoja umeshika simu, mwingine unaonyesha kibanda cha magogo cha 1867, najifanya mwalimu wa historia. Kamba nikaifunga kiunoni. Msicheke, bado.

Sungura akatoka.

Kwanza sikio la Duke likasimama. Moja tu. Nikasema kwenye video, "oneni alivyo makini." Kisha kamba, iliyokuwa imelala chini, ikaanza kunyanyuka taratibu, ikanyooka, ikakaza. Nikamgeukia shemeji. Shemeji akainua simu. Simu, jamani, si mkono! Mguu wa kulia ukakubali kukimbia, wa kushoto ukabaki unajadiliana. Ndala moja ikabaki njiani. Halafu nyasi. Vifungo vya shati vikawa vinaaga kimoja kimoja, nikivisikia. Nilikuwa katikati ya kumtaja Freeman: "Free" ikatoka nikiwa hewani, "man" nikaila na udongo.

Paa la jumba la makumbusho pale limejengwa kwa umbo la plau. Plau yenyewe nilikuwa mimi, nalima kwa kidevu. Wazee waliokuwa kivulini wakapiga makofi. Nadhani walijua ni maonyesho ya jinsi walowezi walivyovunja ardhi.

Basi, sungura kapotea, askari wa hifadhi kaja mbio na maji, akampa mbwa. Iodini, kupe wa kutoa, shati la kutupa, tukarudi. Jioni nikampigia bosi kumweleza yote.

"Duke hajaumia?"

Hajaumia.

"Na kucha zake?"

Ziko salama.

Akamshukuru Mungu, akakata simu.