Mnara Uko Dirishani, Mtandao Hauko

“Fundi, mwanangu, mnara wenu nauona nikifungua dirisha tu. Mbona intaneti yaenda yarudi?”

Mama huyu ana duka la stesheneri Ngamiani, hapa Tanga, hatua chache kutoka kwenye jengo tulikosimamisha mlingoti wa kurushia intaneti. Aliniuliza hivyo mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara zote nikampa majibu yetu yale ya kifundi: zima uwashe, mama, labda umeme umecheza. Siku hizohizo mteja wa Raskazone, kilomita kadhaa kutoka hapo, alikuwa anapakua filamu bila wasiwasi.

Kosa lilikuwa langu. Nilipofika dukani kununua antena ya pande zote, ile tunayoiita omni, nilichukua ya 13 dBi (kipimo cha jinsi antena inavyoyabana mawimbi yaende mbali) kwa sababu namba yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

Sasa msimamo wangu ni huu, na najua mafundi wenzangu wa kijiweni watanicheka: kwa redio za zamani za kurushia intaneti zilizojaa minarani kwetu, za kizazi cha Wi-Fi kiitwacho 802.11n, kama Rocket M5, na kwa mji kama Tanga ambako wateja wamejibana miguuni mwa mlingoti, omni ya 10 dBi ni bora kuliko ya 13.

Antena haina jenereta ndani yake. Nguvu inayotoka redioni ni ileile, antena inaigawa tu. Omni huigawa kwa umbo la ngata, hii ya kubebea ndoo: mlingoti umepita kwenye tundu, mawimbi yametanda pande zote. Kuongeza dBi ni sawa na kuikalia ngata. Inatanuka kwa pembeni, lakini unene wake unakwisha. Omni za gigahezi 5 zinazouzwa kwa redio hizi, ya 13 dBi ina unene wa digrii 7 hivi, na ya 10 dBi ina digrii 12 hivi.

Tupige hesabu kidogo. Antena iko mita 25 juu, dishi la mteja liko mita 3 kutoka ardhini, kwa hiyo kuna mita 22 za kushuka. Digrii 7 zikigawanywa juu na chini, upande wa chini unapata 3.5, na ukingo huo unakifikia kimo cha dishi umbali wa mita 360 hivi kutoka mlingotini. Wote waliomo ndani ya duara hilo wanaishi chini ya ngata. Kwa ya 10 dBi duara linanywea hadi mita 210. Kati ya mita 210 na 360 kuna nyumba ngapi Ngamiani? Panda bajaji ukate barabara zile za namba, uhesabu mwenyewe. Zipo omni ambazo ngata yake imeinamishwa tangu kiwandani kwa digrii 2, na hapo ya 13 inasogea hadi mita 230. Kama una sababu ya kuitaka 13, ulizia ya namna hiyo.

Fundi mbishi atasema aliye karibu hupona kwa ukaribu wake. Ana haki kiasi. Kila umbali ukizidi maradufu mawimbi hupoteza dB 6, yaani hubaki robo ya nguvu, kwa hiyo jirani anaanza na akiba kubwa. Lakini chini ya ngata mawimbi hayapungui taratibu kama taa ya koroboi ikiisha mafuta. Kuna mashimo. Ukisogeza dishi kidogo unatoka kwenye shimo au unaingia, na mashimo ya mawimbi ya wima hayakai mahali pamoja na ya mlalo. Nilipofungua ukurasa wa redio ya mama wa stesheneri, kati ya milango yake miwili ya antena, mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, mlango mmoja ulisoma vizuri kabisa, wa pili ulikuwa chini kwa dB 14. Redio hizi zinataka milango yote miwili ilingane. Isipolingana, inashuka kasi, inapanda, inashuka tena. Yaenda yarudi, kama alivyosema mwenyewe.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaofunga omni ya bei poa yenye mlango mmoja kwenye redio ya milango miwili. Kwenye chaneli ya megahezi 20 redio ya 802.11n hufikia 130 Mbps kwa milango miwili, na 65 kwa mmoja. Umeokoa hela kidogo ukatupa nusu ya mtambo. Kama redio yenyewe ina mlango mmoja, mfano Bullet M5, basi sawa, nunua omni ya wima ya mlango mmoja, ila hakikisha na madishi ya wateja yamefungwa kwa wima. Dishi lililofungwa kwa mlalo linaweza kupoteza dB 20 bila sababu.

Halafu wapo wanaoacha redio ndani, chini ya ngazi, wakapandisha waya mnene wa antena hadi juu. Waya mzuri wa LMR-400 unakula takriban dB 3.5 kwa kila mita 10 kwenye gigahezi 5.8. Yaani umelipia 13 dBi ukapandisha chini ya 10. Redio ifungwe mgongoni kwa antena, kinachoteremka kiwe waya wa mtandao.

Na pwani ina mambo yake. Kusi ikivuma, mlingoti mwembamba unalala digrii 3 na hakuna anayegundua. Kwa ngata ya digrii 7 hiyo maana yake upande mmoja unawarushia kunguru na upande wa pili unapiga mabati. Ya digrii 12 inavumilia. Chumvi nayo inaingia kwenye konekta hata uikaze vipi, kwa hiyo ifunge kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe mweusi juu yake. Usiigeuze omni kichwa chini kwa kudhani unawarushia watu wa chini. Tundu la kutolea maji litakuwa juu, na masika ikija utakuwa umejenga kisima.

Ubaya wa omni yoyote ni kwamba inasikia kila kelele ya mji. Tena wateja wa pande tofauti hawasikiani wao kwa wao, wanarusha kwa pamoja, wanagongana hewani. Kwenye redio za Ubiquiti washa airMAX, za MikroTik weka NV2, zamu zigawiwe na mnara. Mimi wateja wakikaribia ishirini naitoa omni, nafunga sekta, yaani antena za kurushia upande mmoja mmoja, hata zikiwa mbili tu za kuanzia. Bosi ananung'unika kuhusu gharama, namwacha anung'unike.

Basi nikapanda, nikashusha ile ya 13, nikaweka ya 10 na kuinyoosha kwa timazi. Raskazone walipoteza dB 3, na filamu zao hazikusimama. Mama wa stesheneri hakupiga simu wiki nzima. Nikapita dukani mwenyewe.

“Shikamoo, mama. Mtandao vipi?”

“Marahaba. Upo. Kwani leo umekuja kuuzima?”

Ile ya 13 sikuitupa. Ipo kwenye shamba la mkonge, tambarare tupu, juu ya tangi la maji, na nyumba ya karibu kabisa iko mbali kiasi kwamba mbwa wa huko akibweka humsikii.