Liverpool haina waziri wa kufungia magazeti

Mlangoni mwa duka la mtaani kwangu hapa Liverpool kuna stika: gazeti la The Sun haliuzwi humu. Hakuna amri ya serikali wala hukumu. Mwenye duka kaamua, na jirani yake naye hivyo hivyo. Nikiiona nafurahi kichokozi, halafu nawaza nyumbani, furaha inayeyuka.

Mashabiki wa Liverpool mnakijua kisa: uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Aprili 1989, mashabiki walibanwa na umati hadi kufa. Siku 4 baada ya maafa, The Sun likatoka na kichwa kikubwa "Ukweli", likidai mashabiki waliwaibia majeruhi na kuwakojolea polisi. Uongo mtupu. Waliokufa wamefikia 97. Gazeti liliomba radhi 2004, likaomba tena 2012. Mji ukagoma kulinunua.

Cha kuchekesha, lilizaliwa 1964 likirithi nafasi ya Daily Herald, lililowahi kumilikiwa kwa sehemu na TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, akalinunua 1969, akaligeuza la udaku, na kufika 1979 linampigia debe Thatcher wa Conservative, mbabe wa vyama hivyohivyo!

Kwetu Tanzania gazeti likikosea, msomaji haulizwi. Linafungiwa, basi. MwanaHALISI, Mawio, Mseto, Tanzania Daima, mnayajua. Februari 2022 yakafunguliwa kwa hisani ya mkono uleule wa serikali. Agosti 2021 hata Uhuru, gazeti la CCM yenyewe, lilikula siku 14. Mwenye gazeti na mwenye rungu tumbo moja, na bado mtoto alichapwa.

Najua mnakuja: "Kakaa Ulaya kidogo, anatufundisha." Tulieni. Sijasema Waingereza wana akili kutuzidi; nje ya Merseyside, eneo la Liverpool, The Sun liliendelea kwa miaka mingi kuuza zaidi ya nakala milioni 3 kwa siku, na wanasiasa wakimnyenyekea Murdoch. Wasomaji wetu ni wakali kuliko hao. Nakala moja kijiweni husomwa na watu kumi, ikachambuliwa mpaka mhariri angetafuta pa kujificha.

"Haya, hao kumi walionunua nakala moja watasusia nini?" Na wale wanaosimama kwa muuza magazeti wakamaliza vichwa vya habari bure? Hapo mmenibana kweli. Ila Tanzania Daima lilipofutiwa leseni Juni 2020, walikuwepo waliokuwa wakitoa hela yao kila asubuhi kulinunua. Hao nao, nani aliwauliza?